Intaneti ya nyumbani Unguja na Pemba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu bei na ushindani

Mimi ni fundi wa mitandao, mwaka wa kumi na mbili sasa. Nimepanda mapaa ya Bububu na Jang'ombe, nimevuta waya Makunduchi, na kila mwaka huvuka kwenda Pemba mara mbili tatu kwa kazi za maskuli na vituo vya afya. Popote nifikapo, nikishashusha ngazi tu, maswali huanza, na aghlabu ni yaleyale. Nimeyakusanya hapa nikayajibu kwa kadiri ninavyoijua kazi hii.

Sijaajiriwa na kampuni yoyote inayouza intaneti. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: tunalipa ghali hasa kwa sababu katika mitaa yetu mingi muuzaji wa laini ya nyumbani ni mmoja tu. Bahari husingiziwa mengi.

Mkonga wa baharini ulifika Dar es Salaam zamani. Mbona bei ingali juu?

Kweli ulifika. SEACOM ilianza kazi Julai 2009, EASSy ikafuata 2010. Kabla ya hapo tulikuwa tunategemea setilaiti, na wanaokumbuka mikahawa ya intaneti ya Mji Mkongwe wanakumbuka jinsi picha moja ilivyokuwa ikifunguka kidogokidogo huku saa ya malipo inakwenda. Mikonga hiyo ilibadilisha mambo sana, hilo halina ubishi.

Lakini intaneti ikifika Dar es Salaam bado ina safari. Lazima ivuke mlango wa bahari hadi Unguja, isambazwe kisiwani kwenye mkonga wa nchi kavu, kisha itoke barabarani iingie kichochoroni, ipande ukutani na kufika kwenye ruta yako. Kila kipande kina mwenyewe, na kila mwenyewe ana bei yake. Bei ya kipande cha kwanza, cha kutoka ng'ambo hadi Dar, ndiyo iliyoshuka sana, kwa kuwa mikonga iko zaidi ya mmoja na kampuni zinazonunua kwa jumla zinaweza kuchagua. Kipande cha mwisho, hizo hatua mia mbili za kutoka nguzo ya barabarani hadi sebuleni kwako, ndicho kilichobaki na mwenyewe mmoja.

Embe zikiwa bado shamba, Kizimbani, bei yake ni ndogo. Zikifika sokoni Darajani zimeshapanda, nazo ni embe zilezile. Kama gari ya shamba ni moja tu kwa siku, mwenye gari ndiye anayepanga nauli, na nauli hiyo utaikuta ndani ya bei ya embe.

Si kwa sababu sisi tumezungukwa na bahari?

Bahari inachangia. Kuvuka kunahitaji mkonga wa chini ya maji au mnara wa mawimbi, na vyote vina gharama ya kujenga na kutunza. Kisiwa chenye njia moja tu ya kuvukia pia kina hatari yake. Tuliionja hatari hiyo kwenye umeme: waya kutoka Bara ulipoharibika Disemba 2009, Unguja ilikaa gizani mpaka Machi 2010. Kila mtu mzima wa hapa ana hadithi yake ya miezi ile mitatu. Kwa intaneti, Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika kwa pamoja upande wa kusini, karibu na Afrika Kusini, na Tanzania nzima ikazorota. Siku ile hata aliyelipia kifurushi kikubwa kuliko vyote aliangalia duara linazunguka kama wengine.

Hata hivyo mlango wa bahari kati yetu na Bara si mpana. Gharama ya kuuvuka ikigawanywa kwa watu wengi inakuwa ndogo kwa kila mmoja, na sisi si wachache. Sensa ya 2022 ilituhesabu watu 1,889,773, Unguja na Pemba pamoja. Tena wengi wetu tumebanana Mjini Magharibi, ambako waya wa kilomita moja unaweza kupita mbele ya mamia ya milango. Hakuna kitu mwenye biashara ya faiba (waya wa intaneti) anachokipenda kama nyumba zilizokaribiana, na nyumba za hivyo tunazo.

Kampuni ziko nyingi: Yas, Vodacom, Airtel, Halotel, TTCL. Vipi unasema hakuna ushindani?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu lina ukweli ndani yake.

Kwenye simu ya mkononi ushindani upo. Laini unanunua barabarani, ukichoka unanunua nyengine, na tangu Machi 2017 unaweza hata kuhama mtandao na namba yako ileile. Kampuni inajua kwamba ikikuudhi leo, kesho utakuwa kwa jirani yake.

Nyumbani ni kitu chengine kabisa. Pale suala la kuuliza si kampuni ngapi zina leseni Tanzania. Uliza ngapi zina waya unaofika kwenye nguzo iliyo mbele ya mlango wako. Fanya hesabu hiyo kwa mtaa wako, usiifanye kwa nchi. Ziko sehemu utakuta mbili. Ziko nyingi utakuta moja. Na ziko nyingi zaidi, hasa ukishatoka mjini, utakuta hakuna, watu wanaishi kwa bando la simu na ruta ndogo ya laini.

Mimi mwenyewe niliwahi kukaa mtaa wa muuzaji mmoja. Laini ikikatika Ijumaa, fundi wao anakuja Jumatano. Nikipiga simu naambiwa nisubiri, na wanajua nitasubiri, kwa sababu sina pa kwenda. Nikauliza mbona kifurushi cha kasi ndogo kimeondolewa kwenye orodha na kilichobaki cha chini kabisa ni ghali zaidi. Yule kijana wa ofisini, muungwana wa watu, akanijibu, "Kaka, ndicho kilichopo." Baada ya mwaka na nusu hivi kampuni ya pili ikasimamisha nguzo zake mtaani. Mwezi uleule ile ya kwanza ikanipigia simu yenyewe, ikaniongezea kasi bila ya kunipandishia bei. Waya ulikuwa uleule na ruta ileile, sikuwaomba chochote.

Una mfano wowote mkubwa kuliko huo wa mtaani kwenu?

Tazama majirani zetu wa Kenya. Starlink, kampuni ya intaneti ya setilaiti, iliingia huko Julai 2023. Mwaka uliofuata, 2024, Safaricom ilipandisha kasi za vifurushi vyake vya faiba ya nyumbani. Kile cha shilingi 2,999 za Kenya kilitoka Mbps 10 kikawa 15, na bei ikabaki ilivyokuwa. Kile cha juu yake kilitoka 20 kikawa 30. Waliokuwa wameshalipia walipata nyongeza hiyo bila ya kugusa hata skrubu moja.

Tujiulize: kama mtandao ulikuwa na uwezo wa kubeba kasi ile, mteja hakupewa mapema kwa nini? Mwenye biashara hutoa anapolazimika. Simlaumu, ndivyo biashara ilivyo. Ninachosema ni kwamba sisi tunahitaji cha kumlazimisha.

Bando la simu si linatosha? Kwa nini nihangaike na laini ya nyumbani?

Kwa mtu mmoja anayesoma ujumbe na kuangalia vipande vifupi vya video, linatosha. Kwa nyumba halitoshi, na nitakuonesha kwa hesabu.

Wakati wa mjadala mkali wa bei za vifurushi vya simu, TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano Tanzania, ilitaja bei elekezi za data: kati ya shilingi 2.03 na shilingi 9.35 kwa MB moja. Chukua ile ya chini kabisa. GB moja ina MB 1,024, kwa hiyo ni kama shilingi 2,079. Sasa nyumba yenye watoto wawili wanaosoma, mzazi mmoja anayefanya kazi za kompyuta, na bibi anayezungumza na wanawe walioko Muscat kwa video kila baada ya Isha, GB 100 kwa mwezi ni matumizi ya kawaida tu. Saa moja ya video safi kwa siku inaweza kula GB 3, na hiyo peke yake ni 90 kwa mwezi. GB 100 kwa shilingi 2.03 kila MB ni shilingi 207,872. Kwa bei ya juu ya mizani hiyo ni 957,440.

Mwaka 2022 kima cha chini cha mshahara wa serikalini Zanzibar kilipandishwa kutoka shilingi 300,000 hadi 347,000, na watu walishangilia, wakastahiki kushangilia. Hizo GB 100 kwa bei ya chini kabisa ni zaidi ya nusu ya mshahara huo.

Kuna kipimo cha Umoja wa Mataifa, cha Kamisheni ya Brodibandi, kinachosema huduma ya msingi ya intaneti isizidi asilimia 2 ya pato la mtu kwa mwezi, na lengo lilikuwa kulifikia hilo ifikapo 2025. Wao wanapima kwa pato la wastani la taifa. Mimi nimepima kwa mshahara ule wa 347,000 ili nipate picha ya nyumba za kwetu. Asilimia 2 yake ni shilingi 6,940. Kwa bei ile ya chini unapata MB 3,400 hivi. Mtoto wa darasa la juu akifuatilia masomo kwa video, hazimfikishi wiki mbili.

Ndiyo maana laini ya nyumbani, inayolipiwa kwa mwezi bila ya kuhesabiwa MB, ina maana kubwa kuliko starehe. Mtu mwenye bando huitumia intaneti kwa hofu, kama mtu anayewasha taa huku anaangalia mita ya umeme ya TUKUZA. Mtoto huambiwa "zima data" katikati ya somo.

Faiba inapita barabara kuu, naiona kwa macho yangu. Kwa nini haiingii kwetu?

Sababu ni nyingi, na baadhi ni za kweli kabisa.

Ardhi yetu ni ngumu. Upande mkubwa wa mashariki na kusini ya Unguja ni maweni, jiwe la matumbawe toka juu mpaka chini. Kuchimba mtaro wa mita mia moja Paje au Jambiani si sawa na kuchimba Mwera. Kwa hiyo waya hutundikwa juu, na kutundika kunahitaji nguzo. Nguzo zilizokwishasimama ni za Shirika la Umeme, ZECO. Anayetaka kuzitumia anahitaji ruhusa na makubaliano ya malipo. Anayeshindwa anasimamisha zake, na ndiyo maana ziko barabara zenye misururu mitatu ya nguzo upande mmoja na mitaa ya nyuma isiyo na hata moja.

Mji Mkongwe una mambo yake. Ni Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, na huwezi kutoboa ukuta wa nyumba ya kale au kupitisha waya mbele ya mlango wa nakshi utakavyo. Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe lazima ihusishwe. Mimi nakubaliana na utaratibu huo moja kwa moja. Nimeona kuta za chokaa zilizovuliwa vipande na mafundi wenye haraka, na jeraha la ukuta wa aina ile haliponi kwa saruji.

Sababu ya tatu ndiyo inayoniuma. Waya hufuata pesa. Nungwi, Kendwa, Paje: hoteli zimefikiwa. Mgeni anafungua kompyuta yake ufukweni anafanya kazi ya ng'ambo. Mita mia tatu nyuma ya hoteli, ndani ya kijiji chenyewe, mwalimu wa skuli anapanda juu ya jiwe kutafuta mnara. Waya ule ule ungeweza kuendelea. Haukuendelea kwa sababu kampuni ilikwishampata mteja mkubwa, na hapakuwa na mwengine wa kuiwahi kijijini.

Na Pemba?

Pemba hali ni nzito zaidi. Watu 543,441 kwa sensa ile ya 2022, wametawanyika kwenye vilima na mabonde, na vilima huziba mawimbi ya minara. Unaweza kusimama Chake Chake ukapata kasi nzuri, ukashuka bonde moja tu kwenye mikarafuu ukapoteza mtandao wote. Wateja wakitawanyika, gharama ya kufikia kila nyumba hupanda, na kampuni ya pili haioni sababu ya kuja.

Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ambao kampuni za simu huuchangia kwa mujibu wa sheria, umegharimia minara 42 Zanzibar, na imesaidia shehia ambazo zamani simu haikuita kabisa. Nashukuru kwa hilo. Lakini mnara ni wa simu, na kampuni iliyojengewa mnara huwa tena iko peke yake pale. Kwa Pemba naona njia ya haraka ni ule mkonga wa Serikali ambao umeshafika kisiwani, na nitaueleza hapo chini.

Serikali ya Mapinduzi haiwezi kuamuru bei zishuke?

Watu wengi hawalijui hili. Posta na simu ni miongoni mwa mambo ya Muungano, yameandikwa katika Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano. Leseni, masafa (njia za hewani za mawimbi ya simu) na usimamizi wa bei viko mikononi mwa TCRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, ikifanya kazi chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010. Kwa hiyo mwakilishi wako akisimama Barazani kulalamikia bei ya vifurushi, anasema kweli, lakini ufunguo wenyewe uko upande wa Muungano.

Amri ya bei nayo ina mipaka yake. Aprili 2021 vifurushi vya simu vilipanda ghafla, wananchi wakapiga kelele nchi nzima, na Serikali ikasimamisha bei mpya ndani ya siku moja mbili. Ilikuwa nafuu kwa wakati ule. Ila bei iliyozuiliwa kwa amri hurudi kwa mlango mwengine: MB zinapungua, siku za kifurushi zinafupishwa, kile cha bei ndogo kinatoweka kwenye menyu.

Yako mambo ambayo yamo mikononi mwetu hapa hapa, na ni makubwa. Nguzo za ZECO ni zetu. Vibali vya kuchimba barabara na kupita mitaani ni vyetu. Mkonga wa Serikali, unaosimamiwa na Wakala wa Miundombinu ya TEHAMA Zanzibar, ZICTIA, ni wetu, Unguja na Pemba. Nguzo zikikodishwa kwa bei moja iliyo wazi kwa kila mwenye leseni, na mkonga ule ukiuzwa kwa jumla kwa masharti sawa kwa mkubwa na mdogo, kijana wa Wete mwenye mtaji wa wastani na leseni ndogo anaweza kuchukua kutoka kwenye mkonga na kuwagawia nyumba mia mbili za mtaani kwake. Hana haja ya kuchimba kisiwa kizima upya. Kanuni za Muungano za mwaka 2018 kuhusu kushirikiana miundombinu zinakwenda njia hiyohiyo. Kinachokosekana ni kuziona zinafanya kazi kwenye nguzo ya mtaani.

Kodi je?

Zimo. Kuna kodi ya ongezeko la thamani na kuna ushuru wa bidhaa kwenye huduma za mawasiliano, na zote mwisho hulipwa na wewe. Ada za masafa pia ni nzito: mnada wa TCRA wa Oktoba 2022 uliingiza kiasi cha dola milioni 187 kutoka kwa kampuni nne. Pesa hizo kampuni hazikuziokota, zitarudi kwa wateja. Lakini kodi ni ileile kwenye mtaa wenye wauzaji watatu na mtaa wenye muuzaji mmoja, kwa hiyo haielezi tofauti ya huduma kati ya mtaa na mtaa.

Starlink ikija tutaokoka?

Ingesaidia. Kwa Makoongwe, Kojani, Tumbatu, na vijiji vya maweni ambako hakuna mtu atakayechimba, setilaiti za chini zinafaa sana. Rwanda, Kenya, Malawi na Msumbiji zimeshaziruhusu. Kwetu, hadi mwaka 2024 unamalizika, kibali kilikuwa hakijatolewa.

Usiiweke roho yako yote hapo. Kifaa chenyewe ni ghali kununua, na uwezo wa setilaiti kwa eneo moja una kikomo: Novemba 2024 Starlink ilisimamisha kupokea wateja wapya Nairobi na maeneo ya jirani kwa sababu nafasi ilijaa. Mji uliobanana kama wetu unahitaji waya. Faida kubwa ya Starlink kwa mtu wa Mpendae huenda ikawa ile ya Kenya, kumtia hofu muuzaji aliyepo.

Na nawasihi wanaoingiza vifaa hivyo kwa njia za panya: ukikamatwa umepoteza kifaa na pesa, na mtandao wenyewe unaweza kukuzimia wakati wowote.

Wameniambia Mbps 10. Mbona nikipakua naona MB moja na kidogo kwa sekunde?

Uko sawa, na wao wako sawa. Mbps ni megabiti, MB ni megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Gawa kumi kwa nane, unapata 1.25.

"Bila kikomo" ni kweli?

Mara nyingi ni kweli nusu. Soma maandishi madogo. Vifurushi vingi vina kiwango cha matumizi ambacho ukikipita wanakupunguzia kasi mpaka mwezi uishe. Wanaweza kusema kweli kwamba hujakatwa, lakini kwa kasi iliyobaki hata ukurasa wa matokeo ya mitihani haufunguki. Uliza namba mbili kabla ya kutoa pesa: kikomo ni GB ngapi, na kikishapitwa kasi inakuwa ngapi. Asiyeweza kuzitaja, usimlipe siku hiyo.

Usiku baada ya Isha inazunguka tu. Nimlaumu nani?

Kwanza hakikisha si ruta yako. Nyumba zetu za mawe ni nzuri kwa joto, mbaya kwa Wi-Fi. Ukuta mmoja wa zamani unaweza kula nusu ya nguvu. Chomeka kompyuta kwenye ruta kwa waya, zima vifaa vyengine, upime kasi. Pima alfajiri, pima tena saa tatu usiku. Andika kwenye daftari tarehe, saa na namba, kwa wiki mbili.

Kama alfajiri unapata unacholipia na usiku unapata robo yake, tatizo ni msongamano: kampuni imewauzia watu wengi njia moja. Kwenye mtaa wa muuzaji mmoja hii ndiyo njia rahisi ya kupandisha bei bila ya kuipandisha. Unalipa kilekile, unapokea kidogo zaidi kila nyumba mpya inapounganishwa. Daftari lako ndilo ushahidi wako.

Naweza kuchangia laini na jirani?

Kumpa jirani nywila yako kwa wema ni jambo moja, japo mkataba wako unaweza kukataza. Kumuuzia kila mwezi ni biashara ya mawasiliano na inahitaji leseni ya TCRA. Nimeona vijana wazuri wakivuta waya nyumba ishirini, wanalisha familia zao, halafu siku moja wanachukuliwa vifaa vyote. Wakitaka kuifanya kazi hiyo, waanze na leseni, na nitawasaidia michoro bure.

Niulize nini kabla ya kusaini?

Uliza kama ruta ni yako au ya kukodi, na kama imefungwa kwa mtandao wao tu. Uliza ada ya kufungiwa, na kama inarudi ukihama. Uliza mkataba ni wa muda gani, na ukivunja unalipa nini. Uliza laini ikikatika wanakuja ndani ya siku ngapi na kama siku zilizokatika unarudishiwa. Majibu yote yatakiwe kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu. Mimi hukataa mkataba wa mwaka mzima kwenye mtaa ambao nguzo mpya zimeanza kusimama.

Nimelalamika kwao hawanisikilizi. Niende wapi?

Anza kwao kwa maandishi na uchukue namba ya lalamiko. Bila ya namba hiyo ni kama hukulalamika. Wakikupuuza, peleka TCRA, ambayo ina ofisi hapa Zanzibar, ukiambatanisha ile namba, risiti zako na lile daftari la kasi. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, TCRA-CCC, ambalo kazi yake ni kumsemea mteja. Nimewasindikiza wateja wanne kwa njia hii. Watatu walirudishiwa siku zao. Wa nne alikuwa amechana risiti.

Mtaa wetu una muuzaji mmoja. Sisi wenyewe tunaweza kufanya nini?

Kampuni ya pili haiji kwa sababu haijui kama wateja wapo. Kumtuma mtu wao kuhesabu nyumba ni gharama, basi wahesabieni nyinyi.

Mwaka juzi kina mama wa kikundi cha kuweka na kukopa, huko njia ya Fuoni, walinijia na swali hili hili. Nikawaambia wapite nyumba kwa nyumba na karatasi yenye safu nne: namba ya nyumba, unalipa kiasi gani sasa kwa mwezi kwa bando zote za nyumba nzima, uko tayari kulipa kiasi gani kwa laini ya kudumu, na kuna nguzo umbali gani. Hakuna majina wala namba za simu kwenye karatasi hiyo, hesabu tu. Walimaliza kwa siku tisa. Nyumba sitini na nne zilijibu, na jumla ya pesa za bando za kila mwezi iliwafanya wenyewe wanyamaze kwa muda; hakuna aliyekuwa amewahi kuijumlisha.

Sheha aligonga muhuri kwamba orodha ni ya shehia yake. Nakala tatu zikapelekwa kwa kampuni tatu tofauti siku moja, na kila barua ikaeleza kwamba nyengine mbili zimepelekewa pia. Moja haikujibu. Moja ilijibu baada ya miezi miwili kwamba haina mpango wa eneo hilo. Ya tatu ilituma watu wawili na mkanda wa kupimia, na Oktoba ile wakaanza kuchimba mashimo ya nguzo upande wa msikiti.

Karatasi ile ya safu nne ninayo. Anayeitaka aje, tukae tuijaze kwa mtaa wake. Kwa nyumba sitini inachukua mchana mmoja kuipanga, na siku kumi kuizungusha.